Filimbi ya Mwalimu Kalinga

Asubuhi hiyo sanduku la dawa liliniambia kwa mara nyingine kwamba Mwalimu Kalinga amevuta sigara. Liliandika kwa herufi nyekundu kwenye kioo chake: MOSHI UMEONEKANA, DOZI HAIPUNGUI. Mwalimu mwenyewe alikuwa amekaa mbele yangu, kitambaa mkononi, anajifuta mate yaliyokuwa yanamtoka bila yeye kutaka. Macho yalikuwa yanajifumba katikati ya maneno, na bado alikuwa ananiapia kwamba tangu apewe filimbi hajagusa moshi.

Nilimwambia asinifanye mjinga. Mashine haina ugomvi naye, haina sababu ya kumsingizia.

"Na mimi nina sababu gani ya kukudanganya, Daktari?" aliuliza polepole, ulimi mzito.

Nilimjibu kwamba sababu anayo, tena kubwa: binti yake. Yustina alishasema wazi kwamba baba yake atarudi kuishi naye siku atakapoacha moshi, si kabla, kwa sababu mjukuu ana pumu na moshi ukimpata kidogo tu anakimbizwa hospitali. Kwa hiyo mtu anayetaka kwenda nyumbani atasema ameacha hata kama hajaacha. Nimewaona wengi. Mwalimu alinitazama, akasema kama nimeshaamua basi hana la kuongeza. Akainuka, akashika ukuta, akatoka anaburuta miguu. Nilibaki na hasira zangu, na sikujua nizipeleke wapi.

Nieleze kidogo kuhusu hizi filimbi, maana watu wa nje wakisikia sigara ya umeme wanadhani tunagawa starehe. Serikali ilipofuta sigara za moto madukani, nchi nzima iliacha kuvuta, au ilijifanya imeacha. Lakini hapa Nyalumbo, kituo chetu cha wagonjwa wa akili juu ya vilima vya Iringa, watu waliendelea. Walivuta msokoto: tumbaku waliyoilima nyuma ya uzio, wakaianika juu ya bati, wakaisokota kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Mgonjwa wa akili anavuta kuliko mtu mwingine yeyote, na hakuna aliyewahi kuhangaika kumwachisha, kila mtu anasema mwacheni, maskini, ndiyo furaha yake. Basi tukawa tunawazika kwa mapafu na kwa moyo, wakati ugonjwa uliowaleta kwetu tulishautuliza zamani. Ndipo mradi wa kuwaachisha wagonjwa moshi ukatuletea kijiti cha umeme kinachotoa mvuke wenye nikotini bila moshi. Wagonjwa waliona umbo lake wakakiita filimbi, na jina likakaa.

Filimbi za kwanza zilikuwa zinaongea. Naapa. Mtu ameteseka miaka na sauti zinazomwita kutoka kwenye dari, halafu watu waliosoma wanamkabidhi kijiti kinachomwambia, kwa sauti ya mwanamke mpole, "Hongera, leo umepunguza." Mama mmoja wa wodi ya wanawake aliitupa ya kwake chooni, na sikumlaumu. Niligombana na mradi mpaka sauti zikaondolewa, wakaweka taa: kijani na nyekundu.

Sasa, klozapini, dawa anayotumia Mwalimu, ina tabia yake. Moshi wa tumbaku, moshi wenyewe na si nikotini, unalichochea ini liimalize dawa haraka, kwa hiyo mvutaji anahitaji dozi kubwa. Akiacha moshi ini linatulia, dawa inajaa mwilini, na dozi ileile iliyokuwa inamtuliza inaanza kumlewesha. Yanaanza mate, unafuata usingizi, mwisho degedege. Ndiyo maana kabla ya kupata mvuke lazima upulize kwanza ndani ya filimbi. Inanusa kama pumzi ina moshi, inalipelekea sanduku habari, na sanduku linatoa dozi kufuatana na hiyo pumzi. Mkono wangu wa daktari unaweza kubadili dozi kwa siku chache tu, baada ya hapo pumzi ndiyo inayoamua. Wenye mradi waliniambia hiyo ni kinga dhidi ya madaktari wazembe. Nikasema ahsanteni sana.

*

Mwalimu alianguka saa ya chai. Nilisikia vikombe vinagongana, nikakuta amelala sakafuni mwili wote unatetemeka, na rafiki yake Chesco Mhanga amempakata kichwa asijigonge kwenye saruji. Tulimpa dawa ya degedege, akatulia, nikamtoa damu.

Damu haikuwa na ubishi. Klozapini ilikuwa imejaa kiasi ambacho mtu anayevuta moshi hawezi kuwa nacho hata ukimpa mara mbili. Maana yake Mwalimu alikuwa amesema kweli siku zote, na mimi nilikuwa nimemwita mwongo huku nikimnywesha sumu kila asubuhi kwa saini yangu. Nilisimama maabara nimeshika kile kichupa, nikajisikia vibaya mno.

Nikampigia Injinia Kokushubila wa mradi. Sura yake ilitokea ukutani, nadhifu, imetulia, na utulivu wake ulinichoma zaidi. Nilimwambia kifaa chake karibu kiniulie mtu. Alisikiliza mpaka nikachoka, akafungua taarifa za filimbi ya Mwalimu, akasema kifaa ni kizima.

"Kuna pumzi yenye moshi inaingia humo kila asubuhi, Daktari. Kama si yake, ni ya mtu mwingine."

"Mtu mwingine anaingiaje kwenye filimbi ya Mwalimu?"

"Hilo mimi niliye mbali siwezi kulijua," alisema.

Nilikata simu kwa hasira, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

*

Kesho yake nikasimama dirishani kwangu, chai inapoa mkononi, nikatazama uwanja. Nilikuwa nimeshusha dozi kwa mkono, na Mwalimu alikuwa ameanza kunyoosha mgongo. Alikaa kwenye benchi la jua. Chesco akaja akakaa kando yake. Huyu Chesco alikuwa mchuma chai Mufindi kabla ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka haujamtoa kazini. Dawa yake ni litiamu, ambayo haijali kama unavuta au huvuti, kwa hiyo mradi haukumwandikisha. Wenzake walipopewa filimbi, yeye alibaki na msokoto wake nyuma ya jiko.

Mwalimu akatoa filimbi mfukoni, akaipangusa mdomo kwa shati, akamkabidhi Chesco kwa mikono miwili. Mgeni kwanza. Chesco akapuliza humo pumzi yake iliyojaa msokoto wa alfajiri, akavuta mvuke, akairudisha. Ndipo Mwalimu naye akavuta. Sandukuni, nyuma yangu, maandishi mekundu yakawaka.

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nikaishia kumwaga chai. Wametengeneza kifaa kinachonusa moshi ndani ya pumzi ya binadamu, wakakipima sijui nchi ngapi, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba mtu anaweza kumpa mwenzake pafu, yaani mvuto mmoja wa kile anachovuta. Na mimi niliyekaa Nyalumbo mpaka mvi zikaniota, ninayejua kwamba humu ndani pafu hainyimwi, sikufikiri pia. Hiyo ndiyo sheria ya wodi, na haijaandikwa popote. Unaweza kumnyima mtu sabuni, unaweza kumnyima blanketi na Iringa hii ya baridi, watagombana na yataisha. Lakini ukimnyima pafu umemwambia si mtu, na wote watakuona hivyo.

Nilimwita Mwalimu ofisini. Kwanza nilimwomba radhi, akaipokea bila kunisumbua. Kisha nikamweleza: pumzi ya Chesco inalidanganya sanduku, sanduku linakujazia dawa, dawa ndiyo iliyokuangusha. Kwa hiyo kuanzia leo usimpe.

Aliniuliza kama Chesco anajua. Nikasema bado.

"Usimwambie," alisema. "Atajilaumu."

Halafu akanisimulia. Alipoletwa Nyalumbo mara ya kwanza, sauti zilikuwa zinampigia kelele mchana kutwa, na hakuna aliyetaka kukaa karibu naye, hata wagonjwa wenzake. Ndugu zake walikuwa wameacha kumtembelea. Chesco hakumsemesha. Alikuwa anavuta sigara yake mpaka nusu, anakiweka kipisi kwenye kizingiti cha dirisha la Mwalimu, anaondoka. Kila siku hivyo, mpaka siku moja Mwalimu akatoka kwenda kumtafuta aliyekuwa anamwachia.

"Sasa leo mimi ndiye mwenye kitu," alisema. "Nimnyime?"

Nikamwambia hapana, atafute namna. Aseme imeisha chaji. Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto wa darasa la pili aliyekamatwa anaibia mtihani, nikaona haya. Nikajaribu lingine: wewe uanze, yeye afuate. Alikubali shingo upande, maana kumtanguliza mgeni kwake ni adabu ya kuzaliwa nayo, lakini Injinia akaniambia haisaidii, filimbi inachukua pumzi mbaya kuliko zote za siku.

"Daktari," Mwalimu aliniuliza wakati anatoka, "hivi unanitibu ili niwe mtu wa namna gani?"

Nilimwambia aende akapumzike. Nilikasirika kuulizwa.

*

Nilifanya jambo la busara kwanza: nikaomba filimbi ya pili kwa ajili ya Chesco. Kama naye angeacha moshi, wangepeana pafu mpaka jioni na sanduku lisingeona kitu. Injinia alisema anaelewa, lakini mradi ni wa wagonjwa ambao dawa zao zinaharibiwa na moshi, na litiamu haimo.

"Mapafu yake je?" nilimuuliza. "Mapafu yake yanatumia dawa gani?"

 Akaniambia, kwa upole, kwamba mambo yako mawili tu. Kwa kanuni, filimbi ni dawa, na mtu anayegawa dawa yake anaondolewa kwenye mradi. Akitoa taarifa, Mwalimu ananyang'anywa. Au anaweza kuifunga filimbi kwa pumzi ya mwenyewe, ikatae mtu mwingine yeyote, na taarifa hiyo isifike kokote. Aliniuliza nachagua lipi.

Nilizunguka ofisi. Ningeweza kumwita Mwalimu nimuulize, ni mwili wake, ni rafiki yake. Lakini jibu lake nilishalijua, na jibu lake lingemuua. Kumwacha agawe ni kumsubiri aanguke tena, safari hii labda peke yake bafuni. Kuifunga ni kuingiza mkono wangu katikati ya watu wawili na kuvunja kitu kilichoweza lile ambalo hakuna dawa yangu iliyowahi kuliweza: kumtoa mtu yule chumbani kwake. Nilijiambia mimi ni daktari, kazi yangu ni kumweka hai, mengine atayamaliza mwenyewe. Nikasema funga. Sikumuuliza.

Asubuhi iliyofuata nilisimama tena dirishani. Mwalimu alimpa Chesco filimbi. Taa nyekundu. Chesco akaitikisa, akajaribu tena, nyekundu. Mwalimu akapuliza yeye, ikawaka kijani, akaigeuza haraka kwa mwenzake, ikazima mdomoni mwa Chesco. Chesco alicheka, akampigapiga begani, akainuka kwenda zake nyuma ya jiko. Mwalimu alibaki ameishika ile filimbi. Akainua macho mpaka dirishani kwangu.

Alikuja ofisini moja kwa moja, hashiki ukuta, hadondoshi mate. Akaiweka filimbi mezani.

"Naomba uipokee, Daktari."

Nilimwuliza anajua anachokifanya. Akasema anajua. Nikapandisha sauti, siwezi kudanganya kwamba sikupandisha. Nilimwambia dozi imeshashushwa na bila filimbi sanduku halitaipandisha, akirudi kwenye moshi sasa dawa itaungua kabla haijafika kichwani, sauti zitarudi, na Yustina hatampokea, na mjukuu atakua hamjui babu yake. Yote hayo kwa ajili ya pafu.

"Umenieleza vizuri, nimeelewa," alisema. "Muda mrefu kichwa changu hakikuwa changu. Leo ni changu, na hilo ndilo nililoamua nacho."

Akatoka. Nilikaa kidogo, halafu nikaichukua ile filimbi nikamfuata mbiombio, koti jeupe linapepea, wagonjwa wanapisha njia. Nilikuwa naongea peke yangu, namlaani Injinia, namlaani Mwalimu, najilaani.

Nyuma ya jiko nilimkuta Chesco ameegemea uzio, msokoto umewaka, na Mwalimu ameshasimama mbele yake. Kulikuwa na wagonjwa wengine wanaota jua pale. Chesco aliniamkia, "Shikamoo, Daktari," kwa uchangamfu wake wa siku zote, na hapo nikavunja lile ombi la Mwalimu. Nikamwambia Chesco kila kitu: kwamba pumzi yake ndiyo iliyomwangusha Mwalimu saa ya chai, kwamba filimbi nimeifunga mimi, na kwamba Mwalimu ameirudisha ili aje kuvuta msokoto naye.

Chesco alinisikiliza hadi mwisho. Uchangamfu wote ulimtoka usoni.

Mwalimu hakunitazama hata. Alinyoosha mkono.

"Niachie," alisema.

Msokoto ulikuwa umefika nusu, pale pale ambapo mtu huachiwa. Chesco aliutazama. Kisha akaurudisha mdomoni akavuta, akavuta tena, akaendelea kuvuta mbele ya mkono ule ulionyooshwa mpaka moto ukamfikia vidoleni. Akaangusha kilichobaki, akakikanyaga.

"Sikuachii," alisema.

"Umesema nini?"

"Nimekunyima, Mwalimu. Na kesho ukija nitakunyima. Nenda kwa mwanao."

Watu wote pale walisikia. Mzee mmoja aliguna, mwingine akageuza uso. Mwalimu alikaa na mkono wake hewani muda ambao sikuweza kuuvumilia, kisha akaushusha. Alinigeukia, akachukua filimbi mkononi mwangu, akaondoka. Chesco alibaki amekodolea macho pale alipokanyaga.

*

Mambo yakanyooka. Sanduku likawa linawaka kijani kila asubuhi, dozi ikashuka mpaka ilipotakiwa, mate yakakoma. Mwalimu alirudi kusoma, na saa nyingine aliwafundisha wahudumu wetu majina ya milima. Mradi ukanitumia salamu za pongezi zenye maneno MTUMIAJI AMEFANIKIWA. Niliufuta ujumbe ule kabla sijaumaliza.

Lakini aliomba ahamishwe kitanda, na hakumsemesha Chesco tena. Nilimfuata nikamwambia jamani, Mwalimu, yule mtu amefanya vile kwa ajili yako.

"Najua kwa nini alifanya," alinijibu. "Lakini alininyima mbele za watu."

Nilimwambia huo ni utoto. Akasema inawezekana.

Yustina alikuja kumchukua, huku amembeba mtoto. Nilifurahi, nitasema kweli, moyo wangu ulifurahi kumwona yule mzee ananusa kichwa cha mjukuu wake, na yule mtoto anapumua bila kukoroma. Mwalimu aliaga kila mtu kwa mkono, mpaka wapishi. Alipita karibu na uzio alipokaa Chesco, akapita kama anapita kando ya ukuta, akaingia garini.

Nilikwenda kukaa na Chesco. Nilikuwa na habari za kumpa, na hazikuwa nzuri: nilikuwa nimeandika upya kuomba filimbi yake, na mradi ulikuwa umekataa upya. Alisema si kitu, nisijisumbue.

"Anadondosha mate bado?" aliuliza.

"Hapana. Umemwona mwenyewe amepita hapa."

"Sikuweza kumtazama."

Nikamwambia anatembea vizuri, anaongea vizuri, na amempakata mjukuu. Akatikisa kichwa kukubali. Akasokota tumbaku yake, akawasha, akavuta kimyakimya huku gari likiteremka kilima. Msokoto ulipofika nusu aliutoa mdomoni, akatazama upande wake wa kulia, hapakuwa na mtu, akatazama upande wa kushoto, nilikuwepo mimi. Alisita. Halafu akaninyooshea.

Sijawahi kuvuta maisha yangu yote. Nimewafokea watu humu kwa miaka juu ya moshi, nimewaonyesha picha za mapafu. Nikautazama ule mkono, nikauona jinsi ulivyoanza kurudi nyuma kwa aibu, nikaupokea msokoto kabla haujarudi. Nilivuta. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, na Chesco akawa ananipigapiga mgongoni, ananiambia polepole, Daktari, polepole.